Yaya yangu halali tangu ile vita ya mwezi wa 1. Terapi gani inaweza kumusaidia?

Wa_Majengo (Goma)

Yambo yenu bote. Naandika usiku juu ndio saa yenye yaya iko macho, na miye pia siwezi kulala nikimusikia anatembea mu nyumba. Mwenye anajua hizi mambo anijibu na roho nzuri.

Yaya yangu eko na miaka 34, mama wa batoto 2. Ile siku za mwisho za mwezi wa 1 mwaka 2025, vita ilipoingia mu Goma, bomu ilianguka ku parsele ya jirani, hatua kama 20 toka kwetu. Mama mwenye walikuwa wanauza naye sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, alikufia pale pale mbele ya mulango, na ni yaya alimufunika na kitenge yake ya kuvaa siku ya yenga.

Tangu pale si ule mutu tulijua. Analala na viatu mu miguu. Upepo ukipiga mulango ya bati anaanguka chini na kuvuta batoto pamoja naye, kiisha analia juu ameona batoto banamuogopa. Soko ameacha. Ile avenue hapiti tena, anazunguka mbali ata kama mvua inanyesha. Na kuna neno moja anarudilia, ata akiwa anapika peke yake, polepole: "Ni mimi nilimwita akuye inje tuhesabu makuta."

Tumefanya nini? Kwanza tulienda ku santa ya afya moja, sitaitaja, wakamupima malaria, wakamupa vidonge vya kulalisha, diazepam, wakasema itapita. Analala kweli lakini anaamuka kama mulevi, na miezi imepita anaomba zingine na zingine. Mama yetu anasema tusimuulize kitu, kidonda ukikifukua kinatoa damu. Ku shambre ya maombi walimwambia roho ya marehemu ndiyo inamufuata, akatoka pale mubaya kuliko vile aliingia.

Sasa juma iliyopita mama mumoja wa nyumba ya kusikiliza ya kartye alikuya, anasema kuna terapi ya grupu, mara 1 kwa juma, mara 12. Rafiki yangu wa Bukavu anasema hapana, tafuta EMDR, ile banakupitishia vidole mbele ya macho. Mwingine ananielezea mambo ya kamba na mawe. Nachanganyikiwa. Zinatofautiana namna gani? Na swali kubwa zaidi: ni lazima asimulie yote, tena mbele ya batu? Juu hiyo ndiyo inamuogopesha, alisema "nikifungua kinywa sitaweza kukifunga tena."

APS_Kadutu (Bukavu)

Pole sana ndugu. Pole kwa yaya, na pole pia kwa ule mama mwenye alikufa, juu mu hizi mambo tunasahaulaka kama kuna mutu alikufa na watu hawakupata ata muda wa kumulilia vizuri.

Mimi ni APS, bale munaitaka bashauri ba nyumba ya kusikiliza, mwaka wa 11 sasa. Si daktari na sijamuona yaya yako, nachukua tu vile umeandika. Lakini ni vitu tunasikiaka kila siku, kushituka, kukwepa njia, kukosa usingizi, kujihukumu. Siku za kwanza kisha tukio karibu kila mutu anakuwa hivyo na kwa wengi inaisha yenyewe polepole. Ikipita mwezi mumoja na bado inamukataza kulala, kufanya kazi, kulea batoto, pale hatungojei tena.

Mama yenu kwa upande fulani ana haki. Kumukalisha mutu juma ile ile ya tukio, kumuvuta asimulie kila kitu mu kikao kimoja kiisha kumuacha aende, hiyo OMS, shirika la afya la dunia, inasema tusifanye. Siku za kwanza kazi ni ingine kabisa: kutazama mutu anahitaji nini, kumusikiliza bila kumuvuta maneno, kumuunganisha na watu wake na huduma. Lakini yaya hayuko tena mu siku za kwanza. Kidonda chake hakijafunga ili tuogope kukifungua, kinatoka damu kila usiku na ninyi munakisikia.

Ile ya grupu ya mara 12, kwa hesabu hiyo naona ni CPT, tiba ya kuchunguza mawazo yenye yamekwama kisha tukio, umuulize ule mama. Ilitengenezwa na Patricia Resick, psikologe wa Marekani, mwisho wa miaka ya 1980, kwanza kwa wanawake waliobakwa. Na usifikiri ni kitu cha wazungu walichotuletea bila kukipima. Ilipimwa hapa kwetu mashariki ya Kongo, mu bijiji, na wanawake 405 waliopitia ubakaji. 157 walipata CPT, kikao 1 mutu peke yake na 11 mu grupu, wengine 248 walipata ushauri wa kawaida wa mutu mumoja mumoja. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Miezi 6 kisha matibabu, kati ya bale ba CPT ni 9 tu kwa 100 walikuwa wangali na dalili kubwa za huzuni ao wasiwasi, kwa bale bengine ni 42 kwa 100. Na wenye walifanya hiyo kazi hawakuwa madaktari, walikuwa bashauri ba hapa kama miye, walifundishwa na wakafuatiliwa. Wanawake wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo zile karatasi za mazoezi waligeuza zikawa maneno ya kushika mu kichwa. Naeleza hii yote juu kila juma kuna mutu ananiambia terapi ni ya watu wa masomo. Hapana.

Ndani wanafanya nini? Hawaanzie ku bomu. Wanatafuta neno lenye limekwama, na wewe umeshaliandika bila kujua: "Ni mimi nilimwita." Mutu akibeba neno kama hilo, kila usiku anakaa tribinali, yeye ndiye muzuzi na yeye ndiye mwenye kosa.

Nikuoneshe. Mama mumoja, nimebadilisha mambo ili asijulikane, alikuwa anasema mutoto wake alikufa juu yeye alichelewa kukimbia. Nikamuuliza, ile asubui ulijua nini? Nilijua kuna masasi upande wa mulima. Ulijua yatakuya upande wenu? Hapana. Ulichelewa juu ya nini? Nilikuwa nafunga ule mudogo mu mugongo. Akanyamaza. Tulikaa vile muda murefu, batu 7 mu chumba na hakuna mwenye alikohoa. Kiisha mama mwingine wa grupu, si miye, akamwambia: basi haukuchelewa, ulikuwa unabeba. Hakupona ile siku. Lakini juma iliyofuata alikuya akasema lile neno limelegea, bado liko lakini limelegea, na tukaendelea pale.

Sasa jibu la swali lako kubwa. Mu ile namna ya CPT yenye ilifanyiwa hapa kwetu, hapana, halazimishwe kusimulia tukio lote mbele ya bengine. Anasema alifikiri nini, alisikia nini mu roho, na leo anajiambia nini. Mengine anaweza kubaki nayo. Umwambie hivyo kabla ya kitu kingine chochote, juu naona uoga ndio unamufungia mulango.

Vidonge: diazepam si dawa ya troma, kile kidonda cha roho, na OMS tangu 2013 inasema tusiwape watu hizo juu ya kushituka ao kukosa usingizi mu mwezi wa kwanza kisha tukio. Lakini ASIACHE GHAFLA kama amekunywa miezi mingi, mwili unaweza kumugeukia vibaya. Daktari amupunguzishie polepole. Kwenu Goma kuna Tulizo Letu, ile santa ya afya ya akili ya Bafrere ba Charité, hiyo ni kazi yao. Na kama siku moja akisema anataka kufa, ao kwamba batoto wangekuwa muzuri bila yeye, usingoje juma ya grupu, umupeleke siku ile ile na musimuache peke yake.

Mwana_Masisi (Goma)

Nilisoma hii nikaacha, nikarudia, leo naandika.

Mi nilipita mu ile ya kamba na mawe. Inaitwa NET, ni tiba ya kusimulia maisha. Wenye waliianzisha ni ba wa Ujerumani, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, na hapa Goma waliifanya na sisi bale tulitoka mu pori, mu makundi ya silaha. Nilikuwa kule tangu mutoto. Ya kule sitasema. Nitasema ya chumba.

Chumba ilikuwa na viti 2 na dirisha moja yenye inatazama ukuta. Mushauri aliweka kamba chini ku simenti. Ncha moja ni siku nilizaliwa. Ncha ingine aliiacha imekunjwa, hiyo ni siku zenye bado. Pembeni kulikuwa mawe na maua. Mawe ni ile yetu nyeusi ya volkano, yenye matundu, inakwaruza mukono ukiishika sana. Ua kwa jambo jema, jiwe kwa jambo baya. Na bijiti kwa mabaya yenye wewe mwenyewe uliwafanyia bengine, hiyo pia wanakuuliza, bila kukutukana. Nilisema sina ua ata moja. Hakubisha, alingoja tu. Nikakumbuka nkambo yangu wa kike alikuwa ananibakishia maziwa mu kibuyu, ananipa nikiwa nyuma ya nyumba ili bandugu basione. Nikaweka ua, karibu kabisa na mwanzo wa kamba.

Kiisha munaanza toka mwanzo kwenda mbele. Siku ingine jiwe moja tu inakula saa moja na nusu. Anauliza uliona nini, harufu gani, moyo ulipiga namna gani, na sasa hivi, hapa mu chumba, mukono yako inasikia nini. Hiyo ya "sasa hivi" ndiyo kazi yenyewe. Juu mbele, ile siku haikuwa na tarehe, ilikuwa inakuya usiku kama inatokea leo. Ukiisimulia na fasi yake, na mwezi yake, na nani alikuwa pale, inarudi ku kamba, inakuwa ya zamani. Anaandika yote, kikao kingine anakusomea, unasahihisha. Mwisho nilipewa karatasi zangu. Muke wangu anajua ziko wapi na hajazifungua.

Ni ngumu. Kikao cha 3 nilitoka nikafika ku barabara, nikasimama pale nikitazama batshukudu banapita na makala, kiisha nikarudi ndani. Mushauri alikuwa bado ku kiti yake.

Kwa yaya yako: mu hii unasimulia yote kabisa, lakini kwa mutu 1 tu na hasemi inje. Waliitengeneza juu ya watu wenye mambo iliwapiga moja juu ya ingine miaka na miaka, wakimbizi, askari, batoto ba vita. Kama yeye eko na jiwe moja kubwa na lile neno moja, mi naona ile ya grupu mama wa kartye alileta ni mwanzo muzuri. Lakini yeye achague. Mi ningelazimishwa singepona.

Katuba_Chofere (Lubumbashi)

Yambo ba ndugu ba Goma, shiye ba huku tunabawazaka sana. Nitaongea ya EMDR juu njo ile miye nilifanya.

Ninaendeshaka kamio ya minere, barabara ya Likasi na Kolwezi. Kuna siku nilikuta kamio mbili zimegongana na moto inawaka na chofere mwenzangu eko ndani, miye niko na ekstinkteri moja ndogo mu mukono, na joto inanisukuma nyuma kila nikikaribia. Kisha pale sikuweza kushika volan tena. Harufu ya mazutu tu ilikuwa inanitapisha. Mu kichwa iko neno moja: nilimuacha.

Mwenye aliivumbua ni Francine Shapiro, Mumarekani, mwaka 1987 alikuwa anatembea mu bustani akaona kama macho yake ikienda huku na huku mawazo mabaya inapungua nguvu, akaanza kupima, akaandika mwaka 1989. Leo iko na hatua 8, na vidole havikuyake siku ya kwanza, watu wanakosea sana pale. Vikao viwili vya kwanza psikologe wangu aliniuliza maisha, usingizi, pombe (nilikuwa ninakunywa sana). Akanifundisha kupumua, na kutafuta mu kichwa fasi ya amani, nikachagua chini ya muembe ya nyumba ya baba mu Katuba, pale mama alikuwa anachambuaka matembele. Kila nikizidiwa ananirudisha pale, muembe, sahani, matembele.

Kiisha njo kazi. Unashika ile picha mubaya zaidi, unasema neno lako, unasema inakuumiza ngapi toka 0 mpaka 10, miye nilisema 10, na mu mwili iko wapi, miye ku kifua. Anapitisha mukono kushoto kulia, macho yako inafuata, kama nusu dakika. Anasimama. "Nini imekuya?" Unasema kidogo tu. Anaendelea. Na njo hii nataka yaya asikie: si lazima ueleze kila kitu na kinywa. Kuna vitu viliniyia, nikamwambia tu "ni mubaya", akasema sawa, fuata mukono. Siku ya nne ile picha iligeuka, nikaona kwa mara ya kwanza mikono yangu mwenyewe, vile malengelenge ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimejaribu. Mikono ilikuwa na alama toka ile siku na miye sikuwahi kuiwaza.

Wajuzi wanabishana kama ni macho kweli yanatibu ao ni ile kukumbuka ukiwa fasi salama na mutu wa kukushika. Lakini OMS mwaka 2013 iliiweka pamoja na tiba za mawazo zenye zinagusa troma yenyewe, si uchawi. Shida ni kupata mutu mwenye alifundishwa. Na TAFADHALI musijaribu na video ya simu. Miye nilijaribu usiku mbele ya kupata psikologe, nikafungua ile picha na hakuna mwenye anaifunga, nikatetemeka mpaka kukacha.

Kitu ingine. EMDR haikunirudisha ku kamio peke yake. Psikologe alinipangia: siku ya kwanza kuketi mu kamio yenye imezimwa, dakika 20. Kiisha motere inawaka lakini hatuende. Kiisha kuzunguka depo. Kiisha Likasi na mwenzangu pembeni. Kila fasi unabaki mpaka uoga inashuka yenyewe, haukimbie ikiwa juu. Hiyo ni ya tiba ingine, ile ya Edna Foa, kukaribia kwa muda murefu kile unaogopa, na mu hiyo yake pia unasimulia tukio mara nyingi, wanarekodi sauti yako unaisikiliza ku nyumba. Yaya yako na ile avenue nawaza itahitaji kitu kama hiyo siku moja, lakini si leo, na si kumusukuma, na musiende pale kama kungali masasi. Uoga wa kitu chenye kiko kweli si ugonjwa.

Mama_wa_Bagira (Bukavu)

Mwanangu, mimi ni mama wa miaka 61, nimezika watu, nasoma haya yote nalia.

Usiache maombi. Acha ile shambre. Mama analia mwenzake, wewe unamwambia mwenzake amegeuka roho ya kumufuata, hapo umemuongezea muzigo na kumunyanganya rafiki mara ya pili. Pasta muzuri anaomba naye kiisha anamusindikiza ku kikao, na wako, mimi ninao.

Hapa kwetu Panzi, toka Docteur Mukwege alipoanzisha ile hopitali mwaka 1999, tulijifunza kwamba mwili peke yake hautoshi. Mwanamuke anatibiwa mwili, anatibiwa roho, anasaidiwa mu sheria, anasaidiwa kupata kazi ya mikono. Wana ata ile ya nyimbo, wamama wanatunga wimbo wa yaliyowapata pamoja na psikologe na mutu wa muziki, kiisha wanaurekodi mu studio kama wanamuziki. Nimemusikia mama mwenye hakuwa anasema neno, akaimba. Kuna pia ile sosioterapia iliyoanzia Byumba, Rwanda, mwaka 2005, majirani wanaketi mu duara majuma 15, hawafukue mambo ya mutu mumoja, wanajenga upya kuaminiana, kwanza usalama, kiisha imani, kiisha kujaliana. Hiyo ni muzuri kwa kartye yenye kila mutu anaogopa mwenzake. Lakini kwa mwenye anaanguka chini mulango ukipigwa, mimi naona anahitaji zaidi ya duara.

Nina swali moja, na unisamehe. Ule mama wa sambaza, mulimufanyia matanga? Watu walikaa, moto ukawashwa, mutu akasimama akasema alikuwa nani? Juu ile juma mu Goma watu walizikwa haraka haraka.

Wa_Majengo (Goma)

Aksanti bote. Sijui niseme nini.

Mama wa Bagira, hapana. Hakukuwa matanga. Alizikwa na wengine na hatukufika, bwana yake na batoto walienda upande wa Minova. Nilisoma swali yako kwa sauti, yaya alikuwa anatengeneza sombe, akaacha muti wa kinu ndani na akatoka inje. Akarudi kisha dakika kumi akasema jina la ule mama. Alikuwa hajalitamka toka ile siku, alikuwa anasema "ule".

Nilimusomea pia ile ya "ulikuwa unabeba". Akaniuliza huyo mama aliyesema hivyo ni wa wapi.

APS, swali la mwisho. Kijana wake wa miaka 9 naye anaanza. Anacheza vita peke yake, anaangusha ndala kutoka juu anasema "buuum", anafunika na kitambaa, anarudia, anarudia. Na anakojoa ku kitanda, mambo yenye aliacha na miaka 4. Naye aende mu grupu ya mama?

APS_Kadutu (Bukavu)

Hapana, mutoto ana yake. Inaitwa TF-CBT, waliitengeneza Cohen, Mannarino na Deblinger wa Marekani, na muzazi ao mulezi anaingia ndani, anafundishwa pamoja na mutoto. Mutoto anajifunza kwanza kutaja anachosikia na kutuliza mwili, kiisha polepole anatengeneza hadithi yake, kwa kuchora ao kwa kusema, mwisho anaisoma mbele ya mulezi wake. Ilifanyiwa Beni kwa grupu, na wasichana waliotumikishwa kimwili na vijana waliopitia vita, matokeo yalitoka 2013 na yalikuwa mazuri, bale walikuwa wakubwa kidogo, miaka 12 ao 13 kupanda. Kwa wa miaka 9 muulize ule mama nani anashugulika na wadogo.

Kwa sasa: musimupige juu ya kitanda, musimukataze ule muchezo kwa ukali. Keti chini naye. Akifunika ndala na kitambaa, muulize "sasa nani anakuya kusaidia?" na umuache atafute jibu. Saa ya kula na saa ya kulala zisibadilike. Na umwambie wazi, kwa maneno, mama eko na ugonjwa wa kushituka, si wewe umemukosea, na tunamutafutia matunzo.

Ukienda kuongea na ule mama wa nyumba ya kusikiliza, umuulize bila haya: alifundishwa terapi gani, nani anamufuatilia, grupu ni watu wangapi, siri inalindwa namna gani, na yaya akisema leo siwezi itakuwa namna gani. Mushauri mwenye anajua kazi yake hatakasirika. Kama akikasirika tafuta mwingine. Na grupu ikichelewa kuanza, uliza kama wana PM+, ile ya OMS ya vikao 5. Haigusi bomu yenyewe, lakini inamufundisha kutuliza mwili, kupanga shida moja moja na kurudia kazi ndogo ndogo.

Wa_Majengo (Goma)

Narudi kisha juma 3 juu kuna wenye waliniandikia ndani kuuliza.

Ni CPT kweli. Wako wamama 7. Ule mama alijibu maswali yote, ya siri alijibu mara mbili. Ku Tulizo Letu daktari amemupangia kupunguza vidonge, nusu, kiisha robo, tumeandika ku karatasi ku ukuta. Usiku ni mbaya kuliko mbele, daktari alituambia itakuwa hivyo kwa muda, tunakaa naye kwa zamu, miye mpaka saa 7, mama kisha pale. Mama amenyamaza juu ya kidonda. Anamupikia uji wa masaa hiyo.

Kikao cha kwanza alitoka analia hadi ku nyumba, nikawaza nimekosea. Cha pili aliketi karibu na mulango, akawaambia anataka mulango ubaki wazi, wakauacha. Nimemuuliza kama atarudi. Alisema alhamisi, saa 8, na kwamba ule mwenye anaketi pembeni yake naye anauzaga sambaza, ku Kituku, na bei imepanda.